Sura ya 4: Taji kwa Kibali cha Mgeni

Kila somo la historia ya Burundi linapofika mwaka 1903, swali huwa lile lile: je, Mwami Mwezi Gisabo alishindwa, au alijisalimisha? Wanaomtetea husema alipambana na bunduki kwa miaka, akainamisha kichwa pale tu alipoona nchi itateketea. Wanaomlaumu huuliza ni mfalme gani anayemlipa faini kapteni wa jeshi la kigeni, kisha akarudi kuketi kwenye kiti chake kana kwamba hakuna lililotokea. Nyuma ya swali hilo lipo jingine linalogusa watu wengi zaidi ya mfalme mmoja. Mgeni mwenye nguvu akiiteka nchi lakini akawaacha watawala wake mahali pao, ni nani hasa anayetawala? Na watoto wa mfalme wanaogombana, kila mmoja akikimbilia kwa mgeni kuomba msaada, huambulia nini na hupoteza nini?

Burundi si nchi ya kwanza kupita njia hiyo. Zaidi ya miaka mia sita kabla ya Wajerumani kujenga kambi yao Usumbura, mji unaoitwa leo Bujumbura, watawala wa Urusi walikuwa wanasafiri majuma kwa majuma kwenda kupiga magoti mbele ya mfalme wa Wamongolia. Sura hii inaanzia huko, maana kule mambo yalikwenda polepole na kila hatua inaonekana. Baadaye itarudi kwenye milima ya Muramvya.

Barua kutoka Sarai

Katika karne ya 13 Urusi haikuwa nchi moja. Ilikuwa miji mingi, kama vile Kiev, Vladimir, Ryazan, Chernigov, Tver na Novgorod, na karibu watawala wote walitoka ukoo mmoja. Udugu haukuwatuliza. Kiti kikuu mara nyingi kilidaiwa na mdogo wa marehemu kabla ya mtoto wake, hivyo baba wadogo na watoto wa kaka zao waligombana kizazi baada ya kizazi.

Desemba 1237 jeshi la Wamongolia likiongozwa na Batu, mjukuu wa Genghis Khan, lilifika Ryazan na kuuteketeza mji. Vladimir ukaanguka Februari 1238, na Kiev Desemba 1240. Katika miaka hiyo mitatu miji ya Urusi haikuungana yote kuwa kitu kimoja.

Kisha washindi wakafanya jambo ambalo msomaji wa Burundi atalitambua upesi: hawakuja kukaa. Walirudi kwenye nyika za mto Volga, kwenye malisho ya farasi wao, wakajenga huko mji mkuu wao, Sarai. Warusi wakaachiwa miji yao, kanisa lao na hata watawala wao. Walichodaiwa ni vitu viwili: kodi, na utii. Utii ulionyeshwa kwa safari. Kila mtawala alitakiwa kwenda mwenyewe kwa khan, yaani mfalme wa Wamongolia, kuinama mbele yake na kupewa barua iitwayo *yarlyk*, kibali cha kutawala. Mfanyabiashara wa soko la Ruvumera, mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, hahitaji kuelezwa maana yake: meza ni yake, bidhaa ni zake, wateja wanamjua kwa jina, lakini asipokuwa na risiti ya ushuru hauzi.

Yaroslav wa Vladimir alikwenda 1243, akarudi na kibali. Mikhail wa Chernigov alikwenda 1246, akakataa kufanya ibada zilizopingana na Ukristo wake, akauawa hapo hapo. Na yupo Alexander Nevsky, mtoto wa Yaroslav, ambaye habari zake zinawasumbua Warusi hadi leo. Kijana huyu aliwashinda Waswidi kwenye mto Neva mwaka 1240, akawashinda mashujaa wa Kijerumani juu ya barafu ya ziwa Peipus mwaka 1242. Lakini kwa Wamongolia hakuinua upanga. Mwaka 1259 makarani wa khan walipofika Novgorod kuhesabu watu ili watozwe kodi, wenyeji walikataa. Mji wao haukuwahi kutekwa. Aliyewalazimisha kukubali ni Alexander mwenyewe.

Kanisa lake lilimtangaza mtakatifu. Wanaomsifu wanasimamia hekima ambayo Waswahili wanayo pia, kwamba mkono usioweza kuukata ubusu. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa Novgorod haukuchomwa. Ila ipo nusu ya pili ya hesabu, nayo mara nyingi husahaulika: mkono ulibusiwa na mtawala, kodi ikalipwa na mkulima.

Nyumba mbili za damu moja

Burundi ya kale ilifanana na Urusi hiyo kuliko mtu anavyoweza kutarajia. Mwami, yaani mfalme, alikaa katikati ya nchi, pande za Muramvya. Maeneo ya mbali aliwagawia baganwa, yaani watoto na wajukuu wa wafalme. Kila muganwa alikuwa na wapiganaji wake, ng'ombe wake, na watu waliomletea sehemu ya mavuno na kumfanyia kazi. Mwami hakuwa na jeshi la kudumu la kuwalazimisha. Aliwashika kwa ndoa, kwa zawadi za ng'ombe, kwa heshima ya ngoma takatifu iitwayo Karyenda, na kwa kuwagonganisha.

Majina ya wafalme yalikwenda kwa mzunguko: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha Ntare tena. Wazao wa Ntare waliitwa Batare, wa Mwezi wakaitwa Bezi. Nyumba hizi mbili ndizo zilizobeba ugomvi mkubwa, na chanzo chake kilikuwa ardhi. Ntare Rugamba, aliyetawala hadi karibu katikati ya karne ya 19, aliipanua Burundi kuliko mfalme yeyote, na maeneo mapya akawapa wanawe. Alipofariki, kiti kilikwenda kwa mtoto mdogo, Mwezi Gisabo. Kaka zake wakubwa walibaki na ardhi, na kinyongo.

Mwezi naye akapata watoto, na watoto wa mfalme walihitaji mahali pa kutawala. Mahali hapo palikuwa mikononi mwa Batare. Basi zaidi ya miaka hamsini ya utawala wake ilikuwa vita ya polepole ya kuwang'oa jamaa wa baba yake na kuwaweka wanawe. Waasi wengine walitoka nje ya nyumba hizo. Gishora, karibu na Gitega, mahali ambapo ngoma za kifalme hupigwa mpaka leo, panakumbusha ushindi wake juu ya chifu aliyeitwa Ntibirangwa.

Kutoka upande wa ziwa Tanganyika alikuja adui wa aina nyingine. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, anayejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa aliyeweka makao Ujiji. Watu wake walikuwa na bunduki, na walishika sehemu kubwa ya mwambao wa kaskazini wa ziwa hilo. Walijaribu kupanda milimani, na wapiganaji wa Mwezi wakawarudisha. Kwa hiyo Wajerumani walipokuja na bunduki zao, mfalme alikuwa na sababu nzuri ya kuamini kwamba bunduki peke yake haiwezi kuishika milima ya Burundi.

Alikuwa sahihi. Bunduki peke yake haikutosha.

Kiganda, 6 Juni 1903

Wajerumani walijenga kambi Usumbura mwaka 1897. Kwa miaka kadhaa Mwezi aliwakwepa: hakwenda kambini, alihama kutoka makao hadi makao, na wajumbe wake walitoa majibu yasiyokuwa ndiyo wala hapana. Mbinu hiyo ilimkera hasa Kapteni Robert von Beringe. (Wapenda wanyama wanalijua jina lake kwa sababu nyingine: sokwe mkubwa wa milima ya Virunga, gorila, aliandikwa kwa jina lake la kisayansi baada ya kapteni huyo kumpiga risasi mmoja kwenye mlima Sabyinyo mwaka 1902.)

Von Beringe aligundua njia nyingine. Haikuwa lazima nchi hiyo ivunjwe kutoka nje wakati ndani yake wapo watu wanaotaka ivunjike. Akawapata wawili. Kilima, mkuu wa kaskazini-magharibi, alijitangaza kuwa ni wa damu ya Ntare. Maconco alikuwa mkwe wa Mwezi mwenyewe, ila walikuwa wamekosana. Hao walitoa wapiganaji, waongoza njia, na habari za mahali mfalme alipojificha. Mwaka 1903 msafara wa Wajerumani na washirika wao ukapita milimani ukichoma makao, hadi Mwezi alipojitokeza Kiganda. Mkataba ulifungwa tarehe 6 Juni. Masharti yake makuu yalikuwa haya:

- Mwami aitambue mamlaka ya Ujerumani.
- Alipe faini ya ng'ombe 424.
- Wamisionari wa Mugera wasibughudhiwe.
- Kilima na Maconco watambuliwe kuwa watawala wasio chini yake.

Watu hukumbuka ng'ombe, kwa kuwa ni rahisi kuwahesabu na kwa kuwa katika Burundi ya wakati ule ng'ombe walikuwa heshima yenyewe. Lakini ng'ombe huzaliana. Sharti la mwisho ndilo lililokuwa kisu. Tangu siku hiyo kila muganwa aliyekosana na mfalme alijua kwamba ipo njia ya pili ya kupata nchi: kuteremka Usumbura.

Lililofuata halisimuliwi sana, ingawa lina uzito kuliko mkataba wenyewe. Gavana von Götzen, aliyekaa Dar es Salaam, hakufurahi. Askari walikuwa wachache, fedha zilikuwa chache, na mpango wake kwa Rwanda na Burundi ulikuwa kutawala kupitia mfalme mwenye nguvu. Kapteni alikuwa amembomolea chombo chake. Von Beringe aliondolewa, na aliyechukua nafasi yake, von Grawert, akaigeuza siasa yote. Maconco aliuawa mwaka 1905. Mwaka uliofuata Kilima alikamatwa na kupelekwa uhamishoni mbali na nyumbani. Mwezi akatambuliwa tena kuwa mfalme wa Burundi yote.

Ukilitazama kwa haraka, mzee alishinda: maadui zake wamekwisha, kiti kimerudi. Lakini kiti kilirudi kwa mkono wa nani? Mwaka 1903 alinyang'anywa kwa nguvu, na mtu aliyenyang'anywa anabaki na madai yake. Kufikia 1906 alikuwa amerudishiwa, na aliyerudishiwa ana deni. Hapo ndipo ufalme wa Burundi ulipogeuka kuwa ufalme wa kibali. Mwezi Gisabo alifariki Agosti 1908, bado akiitwa Mwami, nchi ikiwa chini ya ofisa Mjerumani mwenye cheo cha Rezidenti.

*Kwa ufupi: mgeni hakuleta ugomvi wa Bezi na Batare wala wa watawala wa Urusi. Aliukuta. Alichofanya ni kujiweka mahali ambapo kila mgomvi alilazimika kupita.*

Mtu wa mfuko

Kwanza Wamongolia walituma watoza kodi wao wenyewe katika miji ya Urusi. Watoza kodi hao walichukiwa, wakapigwa, wengine wakauawa, na kila ghasia ilimgharimu khan jeshi. Taratibu akaona ni nafuu kodi ikusanywe na Warusi. Swali likawa: ni Mrusi yupi?

Miji miwili iligombania nafasi hiyo, Tver na Moscow, na watawala wake walikuwa ndugu wa ukoo mmoja. Yuri wa Moscow alimwoa Konchaka, dada wa khan Uzbek. Mikhail wa Tver alishtakiwa mbele ya khan na kuuawa kambini kwake mwaka 1318. Mtoto wa Mikhail, Dmitri, alilipiza kisasi kwa kumuua Yuri mwaka 1325. Khan akamuua Dmitri mwaka uliofuata. Mwaka 1327 watu wa Tver walimwinukia mjumbe wa khan. Ivan wa Moscow, mdogo wake Yuri, alikwenda kwa khan akarudi na jeshi la Wamongolia, akaiangamiza Tver. Tuzo yake ikawa ukuu juu ya wenzake na haki ya kukusanya kodi. Watu wakamwita Kalita, maana yake mfuko wa fedha.

Burundi nayo ilipata mtu wake wa kuaminiwa. Juni 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Wabelgiji kutoka Kongo waliiteka Usumbura. Kwenye kiti cha enzi walikuta mtoto mdogo, Mwambutsa, aliyetawazwa baada ya kifo cha baba yake Mutaga mwishoni mwa 1915. Nchi ilishikwa kwa niaba yake na ndugu wakubwa wa nyumba ya Bezi pamoja na malkia mzee Ririkumutima. Baada ya vita Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa, liliikabidhi Ubelgiji jukumu la kuitawala Rwanda na Burundi.

Batare, waliosukumwa pembeni tangu enzi za Mwezi, waliona mlango umefunguka. Aliyeingia kwa hatua ndefu kuliko wote ni Pierre Baranyanka, chifu wa kaskazini. Alikuwa na akili, alikuwa hodari wa kazi, na aliwaelewa Wazungu mapema kuliko wenzake. Wabelgiji walipotaka barabara, barabara zake zilionekana. Walipolazimisha kilimo cha kahawa kuanzia miaka ya 1930, mashamba yake yalikuwa ya kuonyeshwa wageni. Akawa chifu mwenye sauti kuliko karibu machifu wote, na wanawe wakapata elimu ambayo Warundi wachache sana waliipata. Mmoja wao, Joseph Biroli, alisoma hadi chuo kikuu Ulaya.

Haifai kumwita msaliti na kufunga kitabu. Nyumba yake ilikuwa imenyang'anywa ardhi na mfalme, na kwa macho yake Mbelgiji alikuwa mwamuzi mpya katika kesi ya zamani. Vivyo hivyo Ivan Kalita hakujiona mtumwa wa khan. Tofauti ya kupima ni nyingine: kila mmoja alibaki na nini mkononi?

Kalita alipeleka Sarai alichodaiwa, na kilichobaki kilikuwa chake. Alinunua vijiji, akamvutia mkuu wa kanisa ahamie Moscow, akajenga. Khan alikuwa mbali na hakuuliza habari za ndani. Mjukuu wake Dmitri alikuwa na jeshi la kutosha kumshinda mkuu wa Kimongolia, Mamai, kwenye uwanja wa Kulikovo mwaka 1380. Moscow ilichomwa na khan mwingine miaka miwili baadaye, lakini haikufa. Mwaka 1480 majeshi ya Ivan wa Tatu na ya khan yalitazamana kuvuka mto Ugra, na khan akageuka akaondoka. Mtoza kodi alikuwa amekuwa dola.

Chifu wa Burundi hakuwa na nafasi hiyo. Mbelgiji hakukaa nyikani. Alikuwa kwenye kilima kinachofuata, ana daftari. Chifu alipewa mshahara na fungu la kodi aliyokusanya, basi. Hakuruhusiwa jeshi, hakuruhusiwa vita, na barua moja kutoka ofisini ilitosha kumwondoa. Hata mfalme hakuwa salama. Nchini Rwanda, Novemba 1931, Wabelgiji walimwondoa Mwami Musinga na kumweka mtoto wake Rudahigwa. Musinga alifariki uhamishoni Kongo mwaka 1944. Mwambutsa wa Burundi, aliyekuwa bado kijana, hakuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Mahali pa kukimbilia

Mpaka hapa sura imewazungumzia wakubwa. Waliobeba mzigo walikuwa kwenye vilima, na kwao ugomvi wa Bezi na Batare ulikuwa na faida moja ambayo haionekani kwa urahisi. Zamani, mtu aliyeonewa na muganwa wake aliweza kufunga virago na kwenda kwa muganwa mpinzani, ambaye alimpokea kwa furaha, maana watu ndio waliokuwa nguvu ya mtawala. Kesi ndogo ziliamuliwa na bashingantahe, wazee wa kilima walioheshimika kwa busara, na muganwa aliyewapuuza alijitafutia upweke. Hofu ya kukimbiwa iliwazuia wengi wasizidishe ukatili.

Wabelgiji waliona ramani ya namna hiyo kuwa fujo. Mwaka 1929 Burundi ilikuwa na machifu 133. Katika miaka michache waliunganisha maeneo, wakafuta mengine, hata idadi ikashuka chini ya 50. Waliobaki walikuwa hasa baganwa, Bezi na Batare, pamoja na Watutsi wachache. Machifu Wahutu walikuwa 27 mwaka 1929, yaani karibu mmoja kati ya watano. Kufikia 1945 hakubaki hata mmoja. Jambo hilo lilifanywa mezani, kwa kalamu, na matokeo yake yaliendelea kuitesa Burundi muda mrefu baada ya Wabelgiji kuondoka.

Chifu mwenye eneo kubwa, anayelipwa na ofisi, asiyeweza kukimbiwa, hana tena sababu ya kuwaogopa watu wake. Anamwogopa msimamizi Mbelgiji, na msimamizi anataka kodi, kahawa, mihogo, na watu wa kuchimba barabara. Asiyetimiza alichapwa kiboko, fimbo ya ngozi ambayo kizazi kile hakikuisahau. Mwaka 1934, upande wa Ndora kaskazini-magharibi, mwanamke aliyeitwa Inamujandi aliwakusanya watu kwa kutangaza kwamba anakuja mfalme atakayewaondolea mizigo hiyo. Uasi huo ulizimwa. Cha kutazama ni kwamba watu waliochoka na machifu bado walimngoja mfalme. Chuki yao haikumfikia Mwami, ilisimama kwa wale waliotumwa.

Wengine hawakungoja. Maelfu walivuka mpaka kwenda kulima Uganda, au kuwa manamba, yaani vibarua wa mkataba, kwenye mashamba ya Tanganyika. Mahali pa kukimbilia palikuwa bado papo, ila sasa palikuwa nje ya nchi.

*Kwa ufupi: kibali cha mgeni kilimlinda mtawala dhidi ya wapinzani wake, na kwa hiyo kikamwondolea mtu wa kawaida kinga yake ya zamani, ambayo ilikuwa wapinzani hao hao.*

Mtoto wa mfalme aliyeshuka Buyenzi

Louis Rwagasore, mtoto mkubwa wa Mwambutsa, alizaliwa Gitega mwaka 1932. Alisoma Astrida, mji wa Rwanda unaoitwa leo Huye, kisha Ubelgiji. Angeweza kuishi kama wana wengine wa wafalme wa enzi hiyo: chifu mwenye gari, nyumba nzuri na neno la kusemwa kwenye sherehe za Wazungu. Alichagua njia ambayo hakuna muganwa aliyeijaribu kabla yake. Alitafuta nguvu mahali ambapo Rezidenti hakuwa na kibali cha kutoa.

Mwaka 1957 alianzisha ushirika wa wafanyabiashara Warundi, ili kahawa na bidhaa zisibaki mikononi mwa wageni peke yao. Ushirika ulipata shida kubwa ya fedha, lakini ulimkutanisha na watu waliokuwa nje kabisa ya ulimwengu wa baganwa: wachuuzi, madereva na wenye maduka wa mitaa ya Waswahili ya Usumbura, Buyenzi kwanza. Wengi wao walikuwa Waislamu na walikuwa na ndugu Kigoma na Ujiji. Siasa za uhuru waliziona zikikomaa ng'ambo ya mpaka, kwenye TANU, chama cha Tanganyika, na kiongozi wake Julius Nyerere alikuwa rafiki wa Rwagasore. Chama chake, Uprona, kilichozaliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, kiliwachukua hao pamoja na machifu wa Bezi, Wahutu na Watutsi waliosoma, na wakulima waliochoka.

Upande wa pili kilisimama PDC, chama kilichoongozwa na wana wa Baranyanka, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli. Utawala wa Kibelgiji ulikipendelea waziwazi, maana hakikuwa na haraka ya uhuru. Ugomvi wa Ntare na Mwezi ulikuwa umevaa nguo za vyama.

Mgeni alijaribu tena silaha yake ya kale, kibali. Mwaka 1960 ndugu wa karibu wa Mwami walizuiwa kushika nafasi za siasa, kanuni iliyomlenga mtu mmoja. Mwishoni mwa mwaka huo, wakati wa uchaguzi wa halmashauri, Rwagasore aliwekwa kizuizini nyumbani. PDC ikapata viti vingi kuliko Uprona, na Ntidendereza akaingia kwenye serikali ya mpito. Umoja wa Mataifa ulishinikiza vizuizi viondolewe, na tarehe 18 Septemba 1961 Warundi wakapiga kura ya bunge. Uprona ilishinda viti 58 kati ya 64.

Tangu Kiganda haikuwahi kutokea hivyo. Kwa miaka 58 kila muganwa aliyepanda alipandishwa na ofisi ya Usumbura au angalau aliachwa apande. Huyu alipandishwa na wapiga kura, wengi wao ni watoto wa waliochapwa kiboko, na ofisi ililazimika kumtambua kuwa waziri mkuu.

Nani aliua?

Tarehe 13 Oktoba 1961, jioni, Rwagasore alikuwa akila kwenye hoteli ya Tanganyika, kando ya ziwa, pale Usumbura. Alipigwa risasi na Mgiriki aliyeitwa Jean Kageorgis. Hakuwa ametimiza miaka 30.

Uchunguzi ulifika haraka kwenye nyumba ya Baranyanka. Kageorgis aliuawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962, siku moja kabla ya uhuru. Baada ya uhuru kesi ya wengine ilisikilizwa upya, na tarehe 15 Januari 1963 watu watano walinyongwa Gitega mbele ya umati, Ntidendereza na Biroli wakiwa miongoni mwao. Nyumba moja ilimpoteza mrithi wake mwenye uwezo kuliko wote, nyingine ikapoteza wana wawili. Mwambutsa alipinduliwa na mwanawe mwingine Julai 1966, na mwanawe huyo, Ntare wa Tano, akapinduliwa Novemba ya mwaka ule ule na Kapteni Michel Micombero, aliyetangaza jamhuri. Ufalme uliostahimili bunduki za Rumaliza na za von Beringe haukumaliza miaka mitano ya uhuru.

Mikhail wa Tver alipouawa kambini kwa khan mwaka 1318, waliomtia kisu walikuwa watu wa ndugu yake wa ukoo, Yuri, pamoja na mtumishi wa khan. Tver ililipiza kisasi kwa Moscow. Khan Uzbek, ambaye mauaji yalifanyika kwa hukumu yake na mahali pake, hakuwahi kudaiwa neno. Aliendelea kugawa barua. Burundi imeukataa ukimya wa namna hiyo. Oktoba 2018 serikali yake ilitamka rasmi kwamba mwenye kubeba lawama ya kifo cha Rwagasore ni Ubelgiji. Mwaka 2021 mtafiti Mbelgiji Ludo De Witte, aliyekwisha kuandika juu ya mauaji ya Patrice Lumumba wa Kongo, alichapisha kitabu kinachowaelekezea kidole maofisa wa nchi yake waliokuwa Usumbura siku zile. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupandishwa kizimbani.